Ndoo Tupu Kichwani

Tumsifu Yesu Kristo! Na asifiwe kwa miguu hii miwili ambayo bado inanibeba, ndugu zangu.

Kabla sijaeleza lolote nitawataja waliokuwapo asubuhi ile. Alikuwapo binti yangu Osmunda, kifungua mimba wangu, aliyekuja kunisalimu kutoka Mapera alikoolewa. Mgongoni alikuwa na mwanawe Kaspara, niliyempa jina la mama yangu mzazi. Alikuwapo Gaudensia, jirani yangu, mjane wa marehemu Kanisius Komba, amekuja kuomba moto. Alikuwapo Bwana Salumu, mfanyabiashara wa Mbinga mjini, ambaye si ndugu wala si wa dini yetu, lakini alinijua kuliko mashemeji zangu. Na mimi Otilia, nimekaa kwenye cherehani. Hao ndio tuliokuwapo. Shikeni kwamba nimewataja kwa majina, maana shauri langu lote ni la majina.

Mimi niliishia darasa la nne. Lakini Mungu alinipa daftari kichwani. Mtu wa kilima chetu akitaka kujua nani alikuwa msimamizi wake wa ubatizo, alikuja kwangu kabla ya kwenda parokiani.

Zamani nilishonea barazani kwa Bwana Salumu, Mbinga mjini. Ni saa nzima kushuka na zaidi ya saa nzima kupanda, kila siku isipokuwa Jumapili. Nililalamika sana juu ya kilima kile. Nilimwomba Mungu aniondolee. Ndugu zangu, angalieni mnachoomba!

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, mitumba ikamwagika nchini. Vitambaa vya dukani vikakosa wanunuzi, Bwana Salumu akaviacha, akaanza kufungua marobota. Zile nguo zilikuwa pana, suruali moja wangeingia watu wawili. Akasema nisihangaike tena kushuka mjini. Yeye ataniletea mzigo mlangoni kwa gari, mimi nipunguze, nikate, nikunje. Jumatano anachukua, Alhamisi anashuka nazo Mbamba Bay, kwa watu wa ziwani.

Nikapiga magoti kushukuru. Cherehani nikaiweka chini ya dirisha, na kuanzia hapo kilima sikukiona tena. Alfajiri nimekaa, jioni nimekaa. Chakula nilikula hapo hapo, sahani juu ya nguo. Shamba langu la ngolo, lile la vishimo ambalo hata marehemu mume wangu alishindwa kunizuia kulilima, nikawaachia wengine walime niwape nguo. Bwana Salumu akirudi kutoka ziwani aliniletea usipa wakavu, dagaa wa huko, nikala, nikanenepa. Watu wakanisifu. Gaudensia alipenda kuniambia kwamba ruksa imenikaa vizuri mwilini.

Lakini mimi nilijua. Miguu ilivimba ikifika saa kumi. Nikiinuka, nyumba ilizunguka. Kwenda kanisani nilipumzika njiani mara tatu, mwisho nikaacha hata kwenda kwenye sala za jumuiya, nikasingizia kazi. Na kazi kweli ilikuwapo! Robota halikuisha ila lingine limefika.

Ndipo ikafika ile Jumatano. Bwana Salumu amesimama mlangoni, nguo hazijaisha, ananitania kama kawaida yake, ananiuliza kama watu wa Mbamba Bay wavae magunia wiki hii. Nikataka kumwambia binti yangu anipe mkasi. Suruali ikaniponyoka mkono wa kulia. Nikamtazama binti yangu. Niliijua sura yake. Nilijua nimemzaa mimi, na nilijua mvua ilikuwa inanyesha siku ile niliyomzaa. Lakini jina lake halikuwapo. Nilichungulia mahali lilipokuwa likikaa, nikakuta patupu.

Nikasema, “Wewe… wewe…” Mdomo ukaenda upande.

 Bwana Salumu alishusha mzigo wake wote kwenye matope, akanipakia mimi. Soko la ziwani la kesho yake lilimpita kwa ajili yangu, na hajawahi kunikumbusha. Tulipokuwa tumelala kwenye benchi la zahanati, mimi na hofu yangu, jua likiwa juu, jina likarudi lenyewe kama kuku aliyepotea. Nikasema, “Osmunda.” Binti yangu akalia kama amefiwa.

Mganga wa zahanati, Bwana Menas, alinipima shinikizo la damu mara mbili, maana mara ya kwanza hakuamini. Akasema hicho ni kiharusi kidogo, kimekuja kubisha hodi tu. Akanipa vidonge. Akasema nitembee kila siku nusu saa, kwa mwendo wa mtu anayewahi jambo. Nikambishia. Nikamwambia mimi nakanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jioni, mguu gani wa kijiji hiki unafanya kazi kuliko wangu? Akanitazama kwa huruma.

“Mama, mguu unakanyaga, lakini wewe umekaa,” akasema. “Kikirudi, kinaweza kuondoka na majina yote.”

Ndugu zangu, kufa sikuogopa. Niliogopa kuishi nikiwatazama wanangu na wajukuu kama wageni. Kila asubuhi, kabla sijafungua macho, niliwapanga kimoyomoyo mmoja mmoja, kama mtu anayepapasa kuku wake gizani.

Nikaamua kutembea alfajiri, kabla sijaketi kwenye mashine, mpaka daraja la miti na kurudi. Ningeketi kwanza, robota lisingeniachia. Siku ya kwanza nikatoka mikono mitupu. Sasa ninyi mnajua kwetu. Mtu mzima hatembei bila kitu wala shughuli. Ana jembe, ana kuni, ana mgonjwa wa kumwona. Kila niliyekutana naye aliniamkia, shikamoo mama, kisha akauliza naelekea wapi. Nikijibu natembea tu, waliangaliana. Anayetembea tu ni mwenye kichaa, au ni yule mwingine ambaye hatajwi.

Siku ya tatu nikajitwika ndoo. Nikaifunika kwa jani la mgomba, na kila aliyeuliza nikamwambia naenda kisimani. Kisimani sikufika hata mara moja. Nilikwenda na ndoo tupu, nikarudi na ndoo tupu, rozari mkononi na uongo kichwani.

Mwaka ule kahawa ikapata ugonjwa, punje zikawa nyeusi zingali mtini. Shamba la Gaudensia, lililo kando ya njia, ndilo lililoumia zaidi. Maneno yakaanza. Otilia anapita hapo alfajiri na ndoo iliyofunikwa. Amebeba nini? Mbona maji yake hayamwagiki? Osmunda aliyasikia huko huko Mapera, akaja mbio kunisihi niache. Nikaacha. Nikarudi kwenye kiti changu na robota langu siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja nikashindwa kulipata jina la mjukuu wangu, muda wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano. Kaspara! Jina la mama yangu!

Niliomba hapo hapo kwenye cherehani, na sikusikia sauti yoyote. Nisiwadanganye. Nyuma yangu palikuwa na kiharusi, mbele yangu palikuwa na kuitwa mchawi, na katikati nilikuwa mimi na ndoo. Kesho yake nikajitwika nikatoka.

Gaudensia alikuwa amesimama njiani na panga lake la kupogolea, na shemeji zake wawili nyuma yake. Hakunisalimu.

“Dada Otilia, shusha ndoo.”

 Nikahisi ulimi unakuwa mzito kama ile Jumatano, nikasema Bwana, usininyamazishe sasa, nikinyamaza hapa nimekwisha. Nikashusha. Akaondoa jani kwa ncha ya panga. Akachungulia. Akaingiza mkono mpaka chini, ukatoka mkavu.

“Haina kitu,” akasema.

“Haina. Sijawahi kwenda kisimani. Mganga Menas kaniambia nitembee, la sivyo majina yatanitoka. Niliona aibu kutembea bure.”

Shemeji mmoja akacheka kwa kejeli. Gaudensia hakucheka. Alikuwapo asubuhi ile, aliuona mdomo wangu. Na marehemu mumewe alianguka kwenye ngolo yake jembe mkononi, akalala mwaka mzima bila kumtambua mkewe. Akanisogelea.

“Na mimi je? Mimi nani?”

“Gaudensia binti Alfonsi, mke wa Kanisius Komba. Ulibatizwa siku moja na kaka yangu Damasi, naye ndiye aliyelia, wewe ulinyamaza.”

Akalishusha panga. Kisha akaingia nyumbani kwake, akatoka na maharage ya mbegu kwenye kitambaa, akayatia ndani ya ndoo yangu.

“Mpelekee Perpetua, ng'ambo ya daraja,” akasema. “Ukiulizwa unakwenda wapi, sema umetumwa na Gaudensia.”

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa! Nilikwenda kwa Perpetua nikilia, na kila aliyeniuliza nilimjibu kweli tupu. Tangu siku ile kilima kizima kikanituma. Chumvi ya huyu, dawa ya yule, habari ya msiba, salamu za posa. Kwenda na salamu kumi kichwani bila kuzichanganya kunanitosha kujua kwamba daftari bado lipo. Bwana Salumu nikamwambia asilete tena mzigo mlangoni. Aushushe barabarani chini ya kilima, niufuate mwenyewe kidogo kidogo, nizipeleke nguo vile vile. Akasema, “Mama Osmunda, wenzako wanaomba gari, wewe unaomba mzigo.” Lakini akakubali, na nguo za Jumatano hazikupungua.

Sisemi kahawa ilipona. Mwaka ule haikupona. Na vidonge vya Bwana Menas nilivimeza, nameza mpaka leo. Lakini Kaspara yule wa mgongoni sasa ni mama wa watoto wawili, na sijakosa jina lake tena.

Wewe unayesoma umekaa, kazi imekujaa mpaka magotini, unasema nitainuka ikiisha: haiishi. Mtumaini Mungu, inuka nayo ikiwa nusu. Na ukiona aibu, mwambie jirani ukweli. Mimi nilimngoja Bwana kwenye kiti, kumbe alikuwa njiani na panga na maharage.

Asante Yesu! Osmunda, Kaspara, Salumu, Gaudensia, Kanisius, Menas, Alfonsi, Damasi, Perpetua. Nimewataja bila kumuuliza mtu. Kama kuna jina nimelikosea, au nimemweka mtu mahali ambapo hakuwapo, msininyamazie kwa kuheshimu mvi. Njooni mniambie upesi, nijue hali yangu. Na msiponikuta kwenye cherehani, nipo njiani, nimetumwa.