Ole Wako na Bahasha ya Nyuso

Marehemu, ambaye wanafunzi wake wote walimwita Mwalimu Ole Wako, alizaliwa Jumanne tarehe 4 Machi 1941, mtoto wa tatu wa fundi viatu na muuza maziwa. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, aliyempenda sana na ambaye leo hatampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alianza shule mwaka 1949 akiwa mchelewaji sugu. Siku moja mwalimu wake alimwamuru aandike mara mia kwamba hatachelewa tena. Kwa uvivu wa kuandika, alijichora akiingia darasani na ndevu nyeupe, wenzake wote wameshamaliza shule na kuoa. Mwalimu alicheka, akaubandika mchoro ukutani. Wiki ile darasa zima liliwahi, kila mmoja akihofia kuchorwa, na marehemu hakulisahau somo hilo.

Alihitimu ualimu Novemba 1962, akafundisha madarasa ya chini ya shule moja kwa miaka thelathini na nne. Hakuwahi kumchapa mtoto. Mtundu aliandikiwa shairi na kuchorwa, na mwisho wa muhula mashairi yalikatwa kwenye stensili, yakatolewa kwa mashine ya kudurufu na kupigwa pini kuwa kitabu. Wengi waliopo hapa wanalikumbuka hili:

Kukata kucha hataki, ndefu zikampa dhiki,
Kalamu haishikiki, na shati halivaliki.

Kila shairi lilifungwa kwa maneno "Ole wako", na kila mtoto alitambulika, maana marehemu hakujua kuchora uso wa mtoto wa kubuni. Watu wazima tulicheka mpaka mbavu zikauma. Waliochorwa hawakucheka sana, na hatukuwauliza kwa nini.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1964 na fundi cherehani, aliyetutangulia mwaka 2009. Walijaliwa mtoto wa kiume na binti.

Mwaka 1974 binti huyo, akiwa darasa la pili, alilalamikia tumbo asubuhi tatu mfululizo. Marehemu aliamini anakwepa hesabu. Akamchora kitandani, na mlangoni mtu asiyejulikana akiondoka huku akimtupia jicho la pembeni:

Tumbo, mama, laniuma, shule leo sitasoma.
Kweli lilipomuuma, wote wakarudi nyuma.

Asubuhi ya nne, Alhamisi tarehe 8 Agosti, alimshika mkono akamkokota hadi shuleni. Kabla ya mapumziko binti alianguka. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, akalazwa wiki tano.

Kitabu kilikuwa hakijapigwa pini. Mkewe alimwambia, "Baba watoto, uondoe huo ukurasa."

"Stensili nimeshakata, karatasi zimeshatoka," akajibu. "Kwani nani atajua ni yeye?"

Walijua wote. Binti aliporudi shule na kovu lake, wenzake walimwimbia shairi hilo njia nzima, mpaka alipomaliza darasa la saba. Marehemu alikuwa akisikia, kwa sababu dirisha la darasa lake lilitazama lango. Mwandishi wa wasifu huu naye aliwahi kulisoma kwenye harusi, akashangiliwa, na leo anaona aibu.

Binti alikua, akawa mkunga. Kila mwisho wa mwezi alikuja na sukari, akaamkia, akakaa kwenye ukingo wa kiti na kuondoka kabla ya chakula. Hakumkosea baba yake adabu hata siku moja, na hakumwambia tena jambo lolote lililomuuma.

Marehemu alistaafu mwaka 1996. Tangu hapo alionekana akipita nyumba za wanafunzi wake wa zamani na mfuko wa daftari mpya, akibadilishana na nakala za kitabu kile cha 1974. Sisi tulisema ni uzee tu.

Septemba 2018 alianza kuumwa tumbo. Aliposusa chakula alidai ameshiba. Binti ndiye aliyegundua, Februari mwaka huu wa 2019, akampeleka hospitali. Madaktari walisema wamechelewa.

"Baba, miezi mitano yote ulinyamaza?"

"Niliogopa mtasema nasingizia."

"Nani angesema hivyo?"

"Ningekuwa mimi, ningesema."

Alifariki Alhamisi tarehe 13 Juni, saa nne asubuhi, binti akiwa amemshika mkono. La ukurasa ule hakulitaja.

Jumamosi, akitandua kitanda cha baba yake, binti alikuta chini yake sanduku la nakala zote alizokusanya marehemu. Kwenye ukurasa ule wa kila nakala, uso wa mtoto kitandani ulikuwa umefunikwa kwa karatasi nyeupe, na yule mtu wa mlangoni amebandikwa uso mwingine, wa marehemu mwenyewe: kipara, na miwani iliyofungwa uzi sikioni. Maneno "wote wakarudi" yalikatwa kwa wino mwekundu, juu yake imeandikwa "baba akarudi". Kando kulikuwa na bahasha ya nyuso za mzee zilizosalia, zimekatwa tayari.

"Angeniambia tu," alisema binti.

Marehemu ameacha mwana mmoja, binti mmoja, wajukuu watano na mdogo wake huyu. Familia inaomba mwenye nakala nyumbani ailete, kazi ya Mwalimu imaliziwe. Nakala ya kwanza imetoka kwa binti mwenyewe, aliyeitunza miaka arobaini na mitano bila mtu kujua. Asubuhi hii alitoa uso mmoja kwenye bahasha, akaubandika kwa yule mtu wa mlangoni, akayakata maneno "wote wakarudi" na kuandika "baba akarudi". Uso wake mwenyewe hakuufunika. Alisema anataka aonekane, maana alikuwa anaumwa kweli.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Hakuna anayesema unasingizia.