Sura Isiyo Yangu kwa Disque Yetu

Bamama, bapapa, ndugu zangu ba hii chorale, kwaya yetu, amani ikuwe kwenu. Mumeniomba niseme, na nitasema. Lakini kwanza nasukuma kitenge kidogo, muangalie huu uso. Muangalie muzuri, musiogope. Haya mabaka meusi kwa mashavu si ugonjwa, si moto ya jikoni. Ni miye mwenyewe nilijiunguza, na ilikuwa sababu ya disque, ile sahani ya kupigia muziki. Hasira ya ile mambo ingali inanipanda mpaka leo, basi munisamehe nikisema kwa nguvu.

Majina ya bantu sitataja. Nilikuwa nauzisha sambaza, bale samaki badogo ba ziwa, ku soko ya Nyawera, na kisha ya kazi naimba ndani ya kikundi. Si rumba, hapana. Chef wetu, mukubwa wa kikundi, kijana wa hapa Cimpunda, alitokaka Bujumbura na kaseti za ile rock banaitaka new wave. Gita inakatakata, ngoma inakimbia bila kupumua, na ka-piano kadogo ka umeme kanalia tii-tii-tii. Bantu balitucheka: "Wapi sebene, ile gita ya kuchezea? Hii ni muziki ao mashini ya kushona?" Chef alipenda kuvaa kravati nyembamba, sawa bale ba ku kaseti. Lakini munajua, serikali ilikataza kravati, ilitaka abacost, ile koti ya bila kravati. Basi anaivaa paka tu ndani ya nyumba ya repetition, penye tunafanyia mazoezi, na tukitoka anaikunja mu mufuko. Tulikuwa batano, banaume bane na miye. Nyimbo zote niliimba miye.

Kukakuja patron moja, tajiri, abacost imepigwa pasi, ka-insigne, ka-beji ka chama, kwa kifua. Akasema atatutolea disque yetu ya kwanza, ile kubwa, nyimbo munane. Tulirekodi siku tatu, madirisha imezibwa na magodoro, jasho inatiririka. Kisha akaomba photo yangu ya kuweka kwa pochette, ile karatasi ngumu inafunikaka disque. Miye sikuwa na photo ingine, ila ile ya kadi ya chama, ile yenye unakaza uso sawa unashitakiwa. Nikamupa. Akaiangalia, akacheka. "Citoyenne," njo vile ba chama baliitaka kila mwanamuke, "hii ni sura ya kadi. Usihangaike, tutapanga." Ndugu zangu, nawaambia, hapo njo kosa yangu. Nilisikia ile kicheko na nikanyamaza.

Disque zikafika ndani ya karton. Chef akafungua mbele yetu. Kwa pochette kuko musichana mweupe, mweupe wa pomade ya kujichubua, shingo inang'aa na vidole vingali vyeusi. Ameshika micro ya kuimbia. Huyo hakuimbaka na siye hata neno moja! Nikauliza, "Huyu ni nani?" Banaume bane bakaangalia chini. Moja akasema, "Dada, vumilia. Ya lazima ni disque imetoka." Ya lazima kwa nani? Bao sura zao zilikuwa pale nyuma ya pochette, zote ine, bamechana nywele.

Nilimufuata patron mu bureau yake ya kazi. "Papa, ule musichana ni nani?" Hata hakuinua kichwa. "Citoyenne, bantu bananunuaka na macho." Sikieni hiyo! Muntu wa kutuhubiria authenticité, ile siasa ya kurudilia mila yetu, asubuhi na mangaribi! Alinikataza kuandika jina langu ya ubatizo, eti ni ya bazungu. Kisha akaenda kutafuta musichana mwenye kujichubua afanane na muzungu, akamupa sauti yangu. Munielezee, kwa sababu miye sielewi.

Na ku Nyawera, kando ya meza yangu kulikuwa boutique, banaipiga ile disque kutwa. Siku moja nikaifuatisha nikipima sambaza. Maman moja wa kununua akanisifu: "Aa, dada, unamuiga vizuri! Bado kidogo tu ufike yeye." Nikamufungia sambaza yake, nikamurudishia chenji.

Sasa nilifanya nini? Ningepiga kelele. Hapana. Nilinunua pomade. Nikasema, kama hii sauti inaomba ile sura, basi nitakuwa na ile sura. Asubuhi na mangaribi, na sabuni kali juu yake. Mwezi ya kwanza bantu balinisifu, sitadanganya, na nilifurahi. Kisha ngozi ikaanza kuwaka. Jua ya soko ikaimaliza. Ikawa inatoka vipande vipande, na chini yake nyeusi kuliko zamani. Mama yangu alinishika kidevu akalia: "Mutoto wangu, uso yenye nilikuzaa nayo umeipeleka wapi?" Nikaacha soko, nikaacha kikundi, nikaacha kuimba. Nikitoka, nafunika kitenge mpaka kwa macho.

Basi asubuhi moja niko ku robinet ya maji, nangoja bidon yangu ijae. Nikajisahau, nikaimba ule wimbo wa pili wa disque, polepole, ndani ya kitenge. Nyuma yangu maman moja akasema, "Kumbe weye njo ule wa disque!" Maman mwenyewe munamujua, njo anatuongozaka hapa, na ananiangalia sasa hivi.

Nikamujibu na ukali. "Hapana. Ule wa disque iko mweupe. Haukuona pochette?"

"Pochette gani? Miye nasikiaka paka radio ya jirani. Sijaona picha hata moja. Lakini hii sauti, naijua."

Bidon ilijaa, ikamwagika, hakuna mwenye alifunga robinet. Nililia pale pale mbele ya bamama bote. Ni yeye wa kwanza, mu Bukavu nzima, kunipa sauti yangu.

Maman, aksanti. Ulinileta hapa, ukaniacha nikae nyuma na kitenge yangu, na haukuniuliza kitu. Aksanti kwa masœur, ule mutawa mwenye alitibu ngozi yangu ku dispensaire, alitupa pomade yangu mu shimo ya choo na alinigombeza muzuri. Aksanti Mama, uliyenipikia siku zenye sikutaka kula. Musichana wa pochette simuchukii, labda naye balimudanganya. Patron, bado namukasirikia. Niliiungama, padiri akaniambia nijikaze kumusamehe, na niko najikaza.

Yangu ya kuwaachia iko fupi. Muntu akicheka sura yako, umuulize siku ile ile anacheka nini. Usingoje disque itoke.

Pochette iko hapa, nimeileta. Naiweka juu ya meza, sura ya musichana inalala chini. Maman, unipe note ya kuanzia. Tunaimba ule wa pili. Na hii kitenge naivua kwa kichwa, muntu moja anishikie.