Bi Rula na Neno Alilolikata

Shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Rula hadi mkasahau kwamba wazazi wake walimpa jina, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa kitinda mimba wa fundi seremala na mke wake mshonaji. Siku hiyo maji ya mvua yalifurika hata kitanda kikainuliwa juu ya matofali. Mama yake alizoea kusema, "Huyu aliikuta dunia imeshaoshwa, ndiyo maana hapatani na uchafu."

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, na baba yake akamchongea rula kutokana na kipande cha mlango. Alipofika darasa la tatu aligundua kwamba rula hiyo ina upungufu. Akamwambia mzee, "Baba, sentimita yako ya mwisho ina njaa." Mzee akacheka, akamwomba aipende hivyohivyo. Aliipenda hivyohivyo kwa miaka sitini na sita.

Mwaka 1969 alihitimu chuo cha uhazili, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya maji. Humo ndimo alimopatia jina lake. Alipokuta kosa katika barua, hata ya mkubwa wake, hakulifuta. Alilaza rula juu ya neno, akalipiga mstari mmoja ulionyooka, kisha akaandika neno sahihi juu yake. "Ukifuta unaficha kosa," alisema. "Ukikata unalisahihisha mbele ya watu."

Fundi saa wa jirani hakulijua hilo alipomwandikia barua ya mapenzi. Barua ilirudi na mistari tisa. Kesho yake alisimama dirishani pa ofisi akiwa ameishika.

"Dada, umekata makosa tisa, lakini ombi lenyewe hukulikata."

"Ombi halikuwa na kosa," Shangazi alijibu, akaendelea kupiga chapa.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Agosti 1974, wakajaliwa binti na mwana. Fundi saa alitangulia mwaka 2006.

Mwaka 1992 Shangazi aliacha ofisi ya maji akawa msimamizi wa makao ya wazee na watu wazima wanaohitaji kutunzwa, nyumba yenye ukumbi mrefu, jiko lisilopoa na wakazi thelathini na mmoja. Paa la upande wa mashariki lilivuja, na mlangoni palikuwa na ngazi tano ambazo kiti cha magurudumu hakikuweza kuzipanda bila wanaume wanne na kelele nyingi. Serikali ilikuwa ikitoa ruzuku kwa nyumba za aina hiyo. Fomu ilikuwa moja tu, na kichwani iliandikwa: Maombi ya Ruzuku kwa Makao ya Wasiojiweza.

Mnakisia kilichotokea. Shangazi alilaza rula, akakata "Wasiojiweza", akaandika juu yake "Wakazi". Fomu ikarudishwa: yenye kukatwa haipokelewi. Hiyo ilikuwa mwaka 2009. Mwaka 2010 aliikata tena, ikarudi tena. Mwaka 2011 ikaja barua kwamba paa na mlango visipotengenezwa, nyumba ingefungwa tarehe 31 Desemba na wakazi wangetawanywa popote penye nafasi.

Mwenyekiti wa kamati ya makao alimsihi. "Dada yangu, ni neno moja tu. Neno halivunji mfupa."

"Ndiyo maana hakuna anayepeleka jeraha lake kwa daktari," Shangazi alisema. Lakini binti yake anasema wiki ile hakula vizuri. Alijua majina ya wote thelathini na mmoja, na alijua nani angekufa kwa upweke akihamishwa.

Jumanne tarehe 18 Oktoba alifika afisa wa ruzuku, kijana mpole mwenye koti lililokosa kifungo. Shangazi hakubishana naye. Alimwambia tu, "Mwanangu, pita ukumbini uwaulize wewe mwenyewe nani hajiwezi."

Afisa alianza na dereva mstaafu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu.

"Mimi najiweza," dereva akasema. "Kisichojiweza ni hiki kiti. Sukuma uone kinavyokwenda upande kama kaa."

Karibu naye alikuwa fundi cherehani ambaye macho yake yalikwisha zamani. Alinyoosha mkono akapapasa koti la afisa. "Kifungo cha pili hakipo. Lete hapa. Ofisi kubwa hivyo, wanakuacha utembee wazi?"

Afisa alivua koti. Fundi alitunga uzi kwenye sindano kwa ncha ya ulimi, akashona kifungo, akakivuta mara mbili. "Sasa kaandike kwamba mimi sijiwezi."

Kijana alicheka hadi akakaa. Halafu akamwambia Shangazi kwa sauti ya chini, "Mama, tatizo si mimi. Kichwa cha fomu kikiguswa, haifiki popote. Lakini mwishoni kuna nafasi ya maelezo ya ziada, na humo hakuna aliyekataza kitu."

Shangazi aliitazama fomu kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza aliiacha rula mezani, akaliacha neno lile lisimame. Chini kabisa akaandika: "Neno hili tumelikuta kwenye fomu. Katika nyumba hatujalikuta."

Ruzuku ilipatikana mwezi Desemba. Paa liliezekwa, ngazi zikawa mteremko, na dereva akapata kiti kinachokwenda mbele. Fomu ya mwaka 2014 ilipokuja, kichwa chake kilisema: Makao ya Wanaohitaji Uangalizi. Shangazi aliisoma mara mbili, rula mkononi, akainung'unikia: "Hawa sasa wananinyima kazi."

Februari 2023 kiharusi kilimchukua mkono wa kulia. Alihamia chumba namba nne cha nyumba ileile, kando ya mteremko. Nilipomjazia karatasi ya zahanati niliandika "hajiwezi". Aliomba rula. Niliishikilia, akakata kwa mkono wa kushoto, mstari wa kwanza uliopinda maishani mwake. "Andika: anasaidiwa na mpwa wake," akasema, "mwenye mwandiko mbaya."

Aliaga dunia Jumamosi tarehe 2 Septemba 2023, saa tatu asubuhi, baada ya chai, wakati fundi cherehani akimpasha habari za jikoni.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, kaka yake ambaye ni baba yangu, sisi wapwa, na wakazi thelathini na mmoja. Nilikuwa nimemalizia hivi: "Wafiwa wote hawajiwezi kwa majonzi." Juzi nilimsomea fundi cherehani. Akanyoosha mkono, akasema, "Rula iko wapi?"

Kwa hiyo mkiona kwenye ukurasa wa mwisho wa wasifu huu neno limekatwa, msiulaumu mtambo wa kuchapa. Someni lililo juu yake: Wafiwa wote wanasaidiana.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Safari hii mstari umenyooka.