Fomu ya Tryphena Itiwe Sahihi

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji Zephaniah, Bwana Wanjala meneja wa shamba hili la mkonge, wafanyakazi wote, na nyinyi mliofuata harufu ya pilau: hamjambo! Mimi ni Gertrude wa Chawia. Shule niliachia darasa la pili, kwa hivyo nitasema wazi, na wa kununa anune.

Leo tunamuaga mjukuu wangu Tryphena, mwanafunzi wa kompyuta chuo kikuu, aliyeletwa hapa miezi mitatu ajifunze kazi. Kazi gani? Mwezi wa kwanza nilishuka na ndizi zake, nikamkuta amebeba birika! Kompyuta ya ofisi imefunikwa shuka kama maiti, tangu mwaka jana wa themanini na sita.

Nikauliza, "Meneja, msichana amesomea mashine, wewe unampa majani ya chai?"

"Nyanya, ile ni mali ya bei. Mwanafunzi ataiharibu."

"Ng'ombe usiyemkama kwa kuogopa teke, umemfugia nani?"

Shuka likatoka. Nyapara Wamalwa, simama tukuone! Si wewe uliyekuwa ukipeleka watu shamba namba tisa, mkakuta mkonge ulikatwa juzi, mkarudi mkitukanana njia nzima? Sasa Tryphena anabonyeza, karatasi ya mashamba yaliyo tayari kukatwa inatoka ikilia kriii, na Wamalwa anajua pa kwenda kabla hajavaa gambuti. Chekeni tu, hata mimi nacheka!

Lakini fomu ya chuo iko wapi? Bila sahihi ya meneja, mtoto amefeli mwaka, na garimoshi ni jioni hii. Bwana Wanjala ameificha mfukoni mwa koti, naiona ncha yake. Eti, "Akienda, nani ataiwasha kompyuta?" Ha! Msichana wa birika leo haachiki! Katunge karani ameshafundishwa, na ameshapiga taipu barua kwamba Tryphena akimaliza masomo, kazi hii ni yake. Wasomi wataijua vipi kazi, kama kila mlango unawauliza walifanya wapi?

Sisi Wadawida tunajua hasira ya nyanya ikibaki kifuani huharibu nyumba. Ndiyo maana tuna kutasa: unavuta maji mdomoni, unayatema pamoja na hasira, unabariki. Mchungaji, usinikunjie uso. Gilasi ya maji ninayo, lakini simtemei mtu baraka kabla ya kalamu.

Naam... anatoa fomu. Ametia! Na barua? Usiisome sana, bwana, tia! Ametia! Vigelegele, akina mama!

Asanteni kwa masikio yenu. Sasa sogeeni nyuma, navuta maji mdomoni; baraka naanza na Wanjala.