Mwalimu Wilhelmina na Kijana wa Ghala la Barafu

Ndugu, majirani na walimu mliovuka maji kuja kumsindikiza: Wilhelmina Luhende alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 katika boma hili hili la Sengerema, mtoto wa tatu wa Mzee Nkwabi Luhende. Mama yake alizoea kusema kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyepata nafasi ya kuongea humu ndani. Venant, mdogo wake anayesoma wasifu huu, ni shahidi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari mjini Mwanza, kisha Chuo cha Ualimu Butimba, alikohitimu mwaka 2001. Bwenini aliwasimulia wenzake habari za jini mwenye nyumba za kupanga, aliyevaa viatu virefu kuficha kwato zake, mpaka wasichana wakawa hawaendi msalani bila msindikizaji. Yeye alilala fofofo. Alikuwa mwanakwaya, na hakuamini hata kimoja katika hayo.

Alifundisha darasa la nne huko Nyegezi maisha yake yote ya kazi. Mwaka 2005 alifunga ndoa na Josephat Ngosha, fundi wa mafriji, wakajaliwa Dorcas na Shimba. Josephat ndiye aliyemweleza jinsi vyumba vya barafu vinavyofanya kazi, na akajuta baadaye.

Maana mwaka 2015 Wilhelmina alianza kuandika hadithi kwenye simu, akiirusha kila Ijumaa kwenye magrupu. Chini ya miamba ya Mwanza, aliandika, kuna mji mwingine. Mwamba hufunguka ukigongwa na anayejua jina lake, paka ndiye mlinzi wa zamu, na yule jini wa viatu virefu anawamiliki misukule: watu tuliodhani wamekufa, kumbe wamechukuliwa kubeba barafu ghalani. Mmoja wao alikuwa kijana mwenye mwanya, anayepiga mluzi akibeba. Watu waliipenda kupita kiasi.

Jumapili moja alipotoka kanisani alimkuta getini Mama Agutu, muuza dagaa kutoka Rorya, ambaye wengi tunamwita Mama Collins. Wilhelmina alimwamkia, "Shikamoo, Mama." Yule mama hakuitikia.

"Mwalimu, binti yangu amenisomea. Yule wa mluzi ni Collins wangu. Alizama na mtumbwi mwaka jana, mwili hatukuuona. Niambie tu, yupo?"

Wilhelmina alimtazama. Kanga ilikuwa inamvuka kwa kukonda. Kijana yule alikuwa amemtunga tu kichwani mwake, mwanya na mluzi na vyote, na ingetosha kusema hivyo. Huruma ikamshinda, akajibu, "Yupo, Mama."

Hapo ndipo alipofungwa. Kwao Mama Collins, aliyezama asionekane huzikwa kwa tunda la mwegea. Lile tunda refu huwekwa kaburini badala ya mwili, watu wakalia, wakanyoa, wakaendelea na maisha. Wazee wa Rorya walipanga tarehe ya kuzika, na kila mara Mama Collins aliwarudisha. "Simziki mtoto anayekula," aliwaambia. Na kila Jumapili alisimama pale getini kuuliza Collins amelalaje, amevaa nini, kikohozi kimepona?

Basi Ijumaa zikawa za Collins. Wilhelmina alimwandikia blanketi. Alimwandikia uji. Wiki aliyougua malaria asiandike kitu, Mama Collins alikuja na chupa ya chai, akamnywesha kwa mkono wake, kisha akauliza taratibu, "Na kule ghalani, leo hawali?" Wilhelmina aliirudia habari hiyo mara nyingi, akicheka mwanzoni. Baadaye hakucheka tena.

Wasomaji walichoka, wakamwambia amalize. Hakuweza kumuua yule kijana, na kumtoa ghalani hakuweza pia, maana akitoka, Mama Collins angemngoja nyumbani asimwone. Mama yetu alipougua na kulala kitandani hapa, uhamisho wa kuja Sengerema ulikuwa tayari, Wilhelmina akaukataa kwa ajili ya zile Jumapili za getini. Josephat alimuuliza kwa hasira, "Utamlea mtoto wa kwenye simu mpaka lini?" Akajibu, "Nimejifungia mwenyewe, baba Dorcas, na ufunguo sina." Mama alifariki bila yeye kuwapo. Sisi ndugu zake tulimlaumu sana kwa hilo, na leo inatuuma.

Mwaka jana alianza kuumwa ini. Januari mwaka huu, 2025, akiwa wodini, alimwita Mama Collins, akamshika mkono na kumwambia kwamba hakumjua Collins, wala hakumwona popote, ila alishindwa kumwambia.

Mama Collins aliutoa mkono wake.

"Miaka yote hiyo nakuuliza, Mwalimu. Kila Jumapili nakuuliza." Akaondoka bila kuaga. Usiku ule Wilhelmina alilala bila dawa ya usingizi, ingawa alilia kwanza. Ijumaa hakuandika kitu.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, Josephat akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, watoto wawili, ndugu zake na darasa zima la nne. Juzi msibani Nyegezi tulimkuta Mama Collins jikoni, anachambua mchele. Alipomaliza alimfuata Venant. "Hamjambo hapa," alisema. "Mimi bado nina hasira na dada yako. Lakini unapoandika, mwandike na mwanangu. Hakuna aliyewahi kulisoma jina lake kati ya wafu."

Kwa hiyo tunasoma. Collins Odero, mwana wa Agutu, alizama ziwani mwaka 2014. Jumamosi ijayo anazikwa kwao Rorya, kwa tunda la mwegea, na Josephat na watoto watakuwepo.

Mwalimu Wilhelmina, pumzika, umefunguliwa. Collins, weka barafu chini, nawe upumzike kwa amani.