Nguzo Imekwenda na Maji, Mti Bado Upo

Risala ya Kikundi cha Wakausha Dagaa Tusichoke, Mwalo wa Nyamihanga, Ujiji, kwa Mheshimiwa Diwani, siku ya kupanda miti kando ya ziwa. Msomaji: Eliakimu Ruhaza, kwa niaba ya wanakikundi.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Afisa Mtendaji, bwana mazingira na bwana ardhi mliofuatana na mgeni, shehe wetu na katekista wetu, majirani wa mwaloni: wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

KUKARIBISHA

Karibu, mgeni rasmi, na pole kwa matope. Turubai ni la kuazima, spika ni za kuazima, na soda zipo za kutosha meza kuu tu. Sisi tutakunywa tukifika nyumbani.

Kabla hatujaendelea, lipo jambo la utaratibu. Risala hii ilipita kwa mtendaji, kama ilivyo desturi, naye akatuelekeza kwamba mgeni rasmi haitwi kwa jina lake, wala haitwi dada. Tumetii. Kwa hiyo kila tutakapomtaja Leonia humu ndani, eleweni tunamsema yule aliyekuwa katibu wetu kwa miaka kumi na mmoja, mkausha dagaa, binti wa marehemu Mzee Gervasi. Kwamba anafanana sana na mgeni rasmi, hilo tumewaachia wenye macho.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi kilianza na wanawake tisa na wanaume wawili. Vichanja vyetu vya kuanikia dagaa vilisimama juu ya mchanga ambao leo mnauona ni maji. Cha Leonia kilikuwa cha mwisho kuelekea ziwani, na msimu mmoja alilazimika kukihamisha mara tatu. Wenzake walimtania kwamba kichanja chake kimeota miguu. Yeye hakucheka sana. Alitafuta futi kamba ya fundi, akachagua nguzo ya banda la zamani la chumvi, na kila Jumatatu asubuhi, kabla mitumbwi haijaanza kushusha, akapima kutoka kwenye nguzo hadi maji yalipoishia. Aliandika kwenye daftari tarehe, mita, kisha sahihi. Aliposhikwa na malaria alikuja amejifunga blanketi. Mama yake alizikwa Jumapili, na Jumatatu Leonia alikuja akapima, macho yamemvimba, akarudi msibani.

Sheria inakataza kujenga ndani ya mita sitini kutoka ziwani. Hatugombani nayo. Shida yetu ni kwamba mita hizo zinahesabiwa kuanzia maji yalipo leo, na maji hayatulii. Nyumba iliyojengwa kihalali mita mia na ishirini kutoka majini, bila kusogea hata tofali moja, imejikuta iko ndani ya zuio. Hapo inapigwa alama nyekundu na mwenyewe anaandikwa mvamizi, na mvamizi akibomolewa hapewi kiwanja kingine. Mama Gloriose Ciza, aliyelivuka ziwa hili na mtoto mgongoni akikimbia vita kwao Burundi, akapata uraia na kujenga hapa, alipoikuta alama ukutani kwake alimuuliza Leonia, "Nimevamia nini, na mimi sijaondoka palepale?" Leonia aliliandika swali lile kwenye daftari, chini ya kipimo cha wiki hiyo.

Tangu hapo akaanza kuandika barua. Zilipokosa majibu akaanza kuandika risala. Alikuwa akiziandika amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vidole vinanuka dagaa, akifuta na kurudia mpaka karatasi inatoboka. Tumekwisha kusomea wageni rasmi saba hapa tulipo. Kila mmoja alisikiliza kwa makini, akatusifu kwa moyo wetu, akapanda mti, akapokea risala, akampa msaidizi wake. Mti wa mgeni wa kwanza ule pale mbele, wavuvi wanaufungia mitumbwi. Wa pili na wa tatu hatuwezi kuwaonyesha.

Safari moja Leonia alichaguliwa kwenda Dodoma kutoa maoni ya wananchi kuhusu sera ya mabadiliko ya tabianchi. Alikaa kwenye treni siku mbili na daftari lake kifuani. Alipewa dakika tatu. Alipofika kwenye habari ya nguzo kengele ikalia, akashukuru, akakaa. Alirudi na mfuko wa kitambaa wenye maandishi ya kutunza mazingira, na ndio tunaohifadhia daftari mpaka leo. Alituambia watu wa kule walikuwa wakarimu. Tuliona amechoka, tukamwacha alale.

Mgeni wa saba alipoondoka, Leonia alikunja turubai, kisha akatuambia, "Tumewasomea watu saba. Sasa mmoja wetu akakae kule wanakosomewa." Uchaguzi mdogo wa udiwani ulipoitishwa tukamsimamisha yeye. Hatukuwa na kanga za kugawa. Tulipita nyumba kwa nyumba na daftari.

MAFANIKIO

Alishinda kwa kura mia moja na kumi na mbili.

Jumatatu ya kwanza baada ya kuapishwa, mwezi wa Mei, alikuja mwaloni na nguo zake za kikao, akapima kutoka kwenye nguzo kwa mara ya mwisho. Siku hiyohiyo alipanda mvule mita kumi na nane kutoka majini, akaandika yote mawili kwenye mstari mmoja, akatukabidhi daftari. Alituomba kitu kimoja tu, kwamba tusiache Jumatatu. Tuliitikia kwa vigelegele.

Mafanikio yetu, mgeni rasmi, yanaishia hapo.

CHANGAMOTO

Risala zote saba zilianza changamoto na serikali. Hii inaanza na sisi.

Tuliacha kupima. Hakuna aliyeamua tuache. Tulipanga zamu, na kila mwenye zamu akadhani wiki ile ni ya mwenzake. Halafu tulikuwa tumechoka, na hili hatulisemi ili tuonewe huruma, tunalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka kumi na mmoja ya kusimama, mtu akipata pa kukaa anasinzia. Tulijiambia kwamba sasa tuna mtu wetu ndani, jambo limekwisha. Miezi kumi na minne daftari halikuandikwa kitu. Katikati ya miezi hiyo, kwenye zile mvua kubwa, nguzo ya banda la chumvi ilianguka na kwenda na maji, na hakuna aliyeandika tarehe.

Kupima tuliacha, kusema hatukuacha. Tulisema Leonia amenogewa na kiti. Tulisema siku hizi anapita barabara ya juu ili asione alama nyekundu. Mwenzetu Marcelina alikutana naye kule Gungu, na Marcelina akageuza uso kama haoni. Alipofiwa na kaka yake tulikwenda watu wanne, sisi ambao kwenye misiba yetu yote yeye ndiye aliyekuwa akipika. Hilo linatuuma hadi leo.

Mwezi wa Julai mwaka jana alikuja hapa peke yake, mchana, akaomba daftari. Aliyempa ni huyu anayewasomea. Alifunua kurasa taratibu, akafika kwenye mstari wa Mei, akafunua tena, kweupe. Akafunua ya pili, kweupe. Alilifunga akalirudisha, akasema neno moja la kwetu, "Mwihangane," yaani tuvumilie, akaondoka kwa miguu. Huyu anayewasomea hakumwambia mtu, kwa aibu.

Aliyetuambia yaliyobaki ni Anatoli, mume wa mwenzetu Catherine, anayehudumia chai kwenye vikao vya halmashauri. Wiki ile Leonia alikuwa amesimama mbele ya kamati ya halmashauri na hoja yetu. Alikuwa ameinakili miaka kumi na mmoja yote kwa mkono, nao walimsikiliza, Anatoli anasema hata vikombe vilitulia. Kisha mtaalamu mmoja akauliza vipimo vya mwaka wa karibuni. Leonia akaomba siku mbili avifuate. Siku ya pili alirudi mikono mitupu. Angeweza kusema kikundi kimemwangusha, na ingekuwa kweli. Alisema, "Vipimo havipo. Kosa ni langu, sikuwakumbusha." Hoja ikaondolewa, akakaa.

Kwa hiyo wakati sisi tunamsema yeye amenyamaza, yeye alikuwa amenyamaza kwa ajili yetu.

Jumatatu iliyofuata tulianza upya, na hatujaruka hata moja, miezi kumi sasa. Tunapima kutoka kona ya tanki la maji, kwa kuwa nguzo haipo. Lakini bwana ardhi ametueleza, na ameeleza kwa upole, kwamba vipimo vya nguzo na vipimo vya tanki haviungani. Hakuna ajuaye nguzo ilikuwa mita ngapi kutoka kwenye tanki. Daftari letu ni vipande viwili vyenye shimo katikati. Na mwezi ujao, Juni, kamati inapitisha orodha ya nyumba za kubomolewa. Ziko arobaini na moja, na ya Mama Gloriose ni ya sita. Ikipita ikiwa na neno wavamizi, watu arobaini na mmoja watavunjiwa na kuachwa barabarani. Ikipita ikisema ni watu waliofuatwa na maji, watapewa viwanja kule juu. Hilo ndilo tu tunalotafuta miaka yote hii. Sisi hatukulifuata ziwa.

MAOMBI

Ombi la kwanza ni kwamba Leonia atusamehe. Tumekosa uso wa kwenda kwake kwa miezi kumi, tukaona tumwalike kwa barua yenye mhuri kama mgeni, labda kwa heshima ya shughuli angekuja. Hatukuwa na hakika. Asubuhi hii, na haya tumeyaongeza kwa kalamu baada ya mtendaji kuipitisha risala, tulikuwa tunaitazama barabara ya chini, na gari lilipotokea kwa huko, Marcelina aliingia nyuma ya turubai akalia.

Ombi la pili linahusu ratiba. Ratiba inasema mgeni rasmi sasa atapanda mti. Shimo hatukuchimba, mtendaji atuwie radhi. Miti inatosha. Tunaomba turudi kwenye mmoja uliokwisha kupandwa.

Ule mvule wa Mei bado umesimama. Majani yamepukutika na maji yameuzunguka, lakini shina liko palepale lilipopandwa. Siku ulipopandwa ilijulikana uko mita kumi na nane kutoka majini, na siku hiyohiyo ilijulikana nguzo iko mita ngapi kutoka majini, mstari mmoja, mwandiko mmoja. Tukipata umbali wa kutoka kwenye mti ule hadi kwenye tanki, vipande viwili vya daftari vinaungana na shimo linazibika. Bwana ardhi tulimuuliza, amesema hesabu hiyo inakubalika. Tungeweza kupima wenyewe zamani, ila tungeambiwa tumejipimia. Leo bwana ardhi yupo, mtendaji yupo, na shehe na katekista wapo. Kipimo hiki kikiandikwa mbele yao, kinaweza kusimama kwenye kamati ya Juni, na wa kukisimamisha ni mmoja tu.

Mtendaji, hapa tunakuomba msamaha kwa mara ya pili.

Dada Leonia, tunajua umechoka. Tulikuona uliposhuka kwenye gari, ulishika mlango kidogo kabla ya kusimama. Sisi pia tumechoka, na hatukuahidi kwamba kamati itakusikiliza safari hii. Futi kamba ni ileile yako. Ncha ya kwenye tanki ameishika Mama Yunisi, mwenyekiti wetu, na tangu asubuhi amekataa kukaa. Ncha ya kwenye mti inamhitaji mtu wa kuingia majini hadi magotini. Hatujampa mtu. Iko mezani kwako, hapo karibu na chupa ya maji.

Leo ni Jumatatu.

Mungu akujalie afya na sauti ya kutosha mpaka Juni, awape raha ya milele wazee wako na kaka yako, na akupe miguu mikavu siku zote isipokuwa hii.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakausha Dagaa Tusichoke,
Mwalo wa Nyamihanga, Ujiji.

Mwenyekiti: Yunisi Mpasa
Katibu: hatujachagua mwingine