Tulisema Nzuri Huku Tunaganda

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza wengine mmeitikia kwa midomo tu, na mimi nasikia.

Mnanijua. Mimi ni Ndeshi wa Hagsätra, mzaliwa wa Machame, muuguzi, na wengi wenu mnasema nina roho ya kushuku watu. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuniombea mbele yenu ili roho hiyo initoke. Haikutoka! Leo nimesimama kuwaambia kwa nini namshukuru Mungu kwamba haikutoka.

Mwanzoni mwa miaka hii ya sabini nilikuwa bado mwanafunzi katika hospitali moja hapa Stockholm. Binti yangu nilimwacha kwa mama yangu, naye alikuwa anaanza tu kutembea. Niliahidi kurudi na cheti. Msimamizi wetu alikuwa Birgitta, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, na yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, kama unafaa kuendelea au ufungashe virago urudi kwenu. Sasa mtu wa namna hiyo, Pasaka inakaribia, ananijia na kusema twende milimani kaskazini tukatembee na skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Mimi na mwenzangu Wairimu, Mkenya wa Nyeri niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja pale Bredäng. Viatu atatuazima. Makoti atatuazima.

Ndugu zangu, nilishuku! Mtu ambaye hajawahi kunikaribisha hata chai, ananipa koti lake la nini? Nikamwambia Wairimu, "Huyu anatupima. Anataka kuona nani legelege."

Wairimu akacheka. "Wewe Ndeshi unashuku hata mkate! Twende tu, bwana. Tukikataa ndiyo atasema sisi ni wavivu."

Hapo akawa amenifunga mdomo. Na Birgitta naye alikuwa na lake, eti mimi ni mtu wa Kilimanjaro, theluji ni kitu cha nyumbani. Jamani! Sisi Machame theluji tunaiona ikiwa huko juu, nasi tuko chini kwenye migomba yetu. Sijapata kumwona mama wa Kichagga akiamka asubuhi na kusema leo napanda nikacheze kule.

Tulisafiri kwa treni, tukafika. Mlima haukuwa na mti hata mmoja. Kitu cha kwanza nilichokiona ni misalaba myekundu juu ya nguzo, imepangwa mmoja baada ya mwingine mpaka inapotelea juu. Nikajiuliza, waliolala hapa ni akina nani, na mbona ni wengi hivi? Birgitta akasema ni alama za njia ya majira ya baridi. Sikumwamini mara moja. Akatupa supu ya moto kutoka kwenye termosi, rangi ya zambarau, tamu kama uji uliozidi sukari. Supu tamu! Niliinusa kwanza, ndipo nikanywa.

Tukafunga vitambaa vya manyoya chini ya skii ili zisirudi nyuma tunapopanda, tukaanza. Mwanzoni ilikuwa kazi tu. Kadiri tulivyopanda, theluji ikaisha ikabaki barafu tupu, ngumu, inang'aa, na manyoya yale hayakushika kitu. Kisha upepo ukaja. Ndugu zangu, upepo ule ulikuwa na mikono! Ulinisukuma kifuani, ukaingia kwenye mikono ya koti, ukanitoa machozi na machozi yakaganda kwenye kope. Birgitta akapaza sauti kwamba kugeuka sasa ni hatari kuliko kwenda mbele, maana kibanda cha wasafiri kiko ng'ambo tu ya mgongo wa mlima. Nikasema moyoni, ndiyo, kipo, wewe umekiona?

Kila baada ya mwendo kidogo alikuwa anageuka na kuuliza, "Går det bra?" Yaani, mnaendelea vizuri? Nasi tunajibu, "Bra, tack." Nzuri, asante.

Mnatujua sisi. Ukiulizwa habari unasema nzuri kwanza, hata kama una msiba nyumbani. Aliyekuuliza naye anajua, kwa hiyo anaendelea, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na huko mbele ndiko unakolitoa la moyoni. Mimi miguu yangu ilikuwa haina habari tena na mwili, lakini nilisema nzuri na kungoja swali la pili. Ndugu zangu, Mswidi hana swali la pili! Ukimwambia nzuri, basi ni nzuri, anageuka na kuendelea. Na mimi nikazidi kushuku: anauliza kwa sababu anangoja niseme nimeshindwa, aende akaseme hospitalini. Hanipati!

Nilikuwa naomba, msifikiri sikuwa naomba. Lakini niliombaje? "Asante Bwana kwa uzima, asante kwa safari." Hata Mungu nilikuwa namwambia nzuri!

Ndipo nikaona glavu ya Wairimu inapita kwenye barafu, inakimbizwa na upepo. Wairimu hakuitazama. Wairimu, mtu anayeweza kurudi kutoka kituo cha treni kwa ajili ya kitana! Mkono mtupu unaning'inia, naye anakwenda polepole kama mtu wa usingizini. Nikajikokota mpaka karibu yake, nikapiga kelele, "Wairimu, habari yako?"

Akatabasamu. "Mzuri tu."

Sikuiamini ile mzuri! Niliijua, ilikuwa ndugu yake ile yangu mwenyewe. Nikashika vidole vyake, vyeupe, vigumu kama nyama iliyotoka kwenye friji. Nikamwambia, "Niambie kweli." Akasema anataka kukaa kidogo, amechoka, na tena hasikii baridi.

Ndugu zangu, mimi ni muuguzi. Mtu kwenye upepo ule akikwambia hasikii baridi, ujue anakwenda zake! Nikalia, "Baba, tunakufa hapa! Hakuna nzuri yoyote, Baba, tunakufa!" Na kwa pumzi hiyo hiyo nikamgeukia yule niliyemwogopa, nikapiga kelele kwa Kiswidi, "Birgitta! Si vizuri! Si vizuri hata kidogo!"

Upepo haukutulia. Msitie chumvi mkifika nyumbani. Ulizidi! Lakini Birgitta alirudi akiteleza kwa kasi ambayo sijaiona tena. Alimtazama Wairimu mara moja tu. Akatoa mfuko mkubwa wa kitambaa, tukaingia humo wote watatu, tumekalia mizigo yetu, upepo unapigapiga nje. Mikono ya Wairimu akanipa mimi niitie kwapani. Akamvua viatu na soksi. Halafu yule mwanamke, msimamizi wetu, akafungua koti lake, akapandisha sweta na fulana, akaiweka miguu ile mitupu kwenye ngozi ya tumbo lake. Alikunja uso kwa maumivu, akaishikilia.

Akasema, na alikuwa analia, "Niliwauliza! Niliwauliza kila mara! Kwa nini hamkusema?"

Nikamweleza, kwa Kiswidi changu cha kuungaunga, kwamba kwetu nzuri ndiyo mlango tu, nyumba iko ndani. Kisha akaniangalia machoni. "Na wewe, Ndeshi? Kweli kweli?"

Lilikuwa swali la pili, ndugu zangu! Nikasema miguu yangu siisikii. Akasema Wairimu akipata joto, mimi ndiye nitakayefuata.

Tulikaa humo mpaka Wairimu akaanza kulia kwa uchungu wa damu inayorudi, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwangu. Upepo ulipopungua tukakifikia kibanda. Kilikuwepo kweli. Wairimu simama, mama, wakuone! Vidole viwili vya mguu alivipoteza, lakini uhai anao, na wale wanaokimbia huko nyuma wakimjibu kwa Kiswidi ni wanawe.

Na mimi niliendelea na mafunzo. Kama Birgitta alikuwa anatupima ama la, sijui hadi leo, wala sijaacha kumtazama kwa jicho la pembeni. Lakini Mungu aliitumia roho yangu hii ya kushuku kumrudisha mtu kutoka kaburini, kwa hiyo msiniombee tena initoke. Mwombeni anipe na ujasiri wa kusema ninapoumia. Yeye hachoki kutuuliza, na hakuna jibu lako litakalomfukuza. Mwamini, umwambie yote.

Kuna mmoja wenu nimemsalimu leo asubuhi, akaniambia nzuri, na sikumwamini. Sitamtaja. Ndugu yangu, ibada ikiisha usikimbilie treni. Nitakuwa jikoni, kahawa nimeshaiweka motoni, na sijakuuliza bado swali la pili.